Karani na Kitabu cha Tofauti Mia Nne

Mabanda ya farasi wa Mfalme Sulemani ndiyo yaliyomponza Eliakunda.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, jumuiya ya kanisa imekutana nyumbani kwa Beatha, ukungu bado umeshika migomba na chai ya tangawizi inachemka jikoni. Mwinjilisti Hezroni alisoma habari za utajiri wa Sulemani katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, akafunga Biblia kidole kikiwa katikati ya kurasa, akauliza kama kuna mwenye neno. Kwa kawaida mwenye neno hakuwepo, na Hezroni alishaanza kuvuta pumzi ya kuomba. Eliakunda akanyoosha mkono.

"Mwinjilisti, hapo umesoma mabanda arobaini elfu ya farasi. Lakini kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya tisa, kinasema mabanda elfu nne. Tushike lipi?"

Watu wakainamia Biblia zao kana kwamba wanatafuta, ingawa wengi hawakujua waanzie wapi. Beatha akakumbuka chai, akaondoka.

"Mama Shukrani," Hezroni alimjibu Eliakunda kwa upole, "Sulemani alikuwa na farasi wengi. Tuombe."

Wakaomba. Wakanywa chai, wakaulizana habari za barabara na bei ya tangawizi, wakaagana. Lakini Eliakunda alipanda kilima kwenda kwake huku akihesabu. Arobaini elfu. Elfu nne. Mtu hawezi kukosea hivyo kwa kutazama farasi. Anakosea hivyo kwa kuandika.

Hilo alilijua kwa sababu alikuwa ameandika maisha yake yote. Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Hakimu alisikiliza mashauri na kuandika kwa mkono, mwandiko wa haraka unaolala kama mahindi baada ya upepo, na kazi ya Eliakunda ilikuwa kunakili mwenendo na hukumu kwa taipu, kugonga muhuri na kumkabidhi anayehusika. Alinakili kesi za mipaka, za mirathi, za mbuzi waliokula maharage ya watu. Alikaa pembeni akisikiliza mashahidi mpaka akawa anajua, kabla hakimu hajasema, nani anasimulia alichokiona na nani anasimulia alichofundishwa. Mashahidi watatu wakisema kitu kilekile kwa maneno yaleyale, hakimu wake wa kwanza alikuwa akiweka kalamu chini na kuwauliza walikutana wapi jana. Wakitofautiana kidogo, aliendelea kuandika.

Sasa alikuwa na miaka sitini na tatu. Amerudi mlimani kwa mumewe Loth, analima tangawizi na kuangalia migomba, na amebaki na ugonjwa mmoja wa kazini: hawezi kusoma ukurasa bila kurudi kuulinganisha na mwingine. Katika kauntabuku lenye jalada jekundu alikuwa ameandika, kwa miaka sita, kila mahali alipokuta Biblia ikisema hivi hapa na vile pale. Zilikuwa tofauti thelathini na saba. Hakuwa na nia mbaya nazo. Alitaka tu kujua, kama vile mtu anavyotaka kujua kwa nini mlango mmoja wa nyumba yake hauachi kulia.

Wiki mbili baada ya ile jumuiya alishuka mjini Same na gari la tangawizi. Alipokwisha kupimiwa mzigo wake alipita kwa Idrisa kununua kalamu. Duka la Idrisa lilikuwa jirani na stendi, na aliuza kila kinachoandikwa na kila kinachosomwa: daftari za shule, juzuu, Biblia, vitabu vya nyimbo, misahafu, ramani ya Tanzania, kadi za harusi. Nyuma yake kulikuwa na kabati la kioo lenye kufuli, na ndani, kati ya kamusi mbili, Eliakunda aliona kitabu kinene cha kijani: *Biblia na Tofauti Zake Mia Nne*.

"Shikamoo mama," alisema Idrisa.

"Marahaba, mwanangu. Kile cha kijani ni bei gani?"

Idrisa aligeuka kutazama, kisha akamtazama yeye. Kitambaa cha umoja wa wanawake wa kanisa kilikuwa shingoni mwake.

"Elfu tisini, mama."

"Tisini?"

"Kuna mtu wa kule Kifaru alikiagiza, hakurudi kukichukua. Ni mwaka wa pili sasa. Wengi wanakiulizia, lakini wa kubishana hawanunui. Wanaomba kukiona, wanapiga picha ukurasa mmoja kwa simu, wanakwenda zao kubishana. Ndiyo maana nimekifungia."

"Mimi sitaki kubishana na mtu."

"Unataka nini nacho, basi?" Hakuuliza kwa ukali. Ilionekana kweli alitaka kujua.

Eliakunda akafikiri. "Nataka kujua kama ni kizuri."

Idrisa akacheka, akatoa ufunguo. Lakini gari la kurudi lilikuwa limeshaanza kupiga honi, na Eliakunda alipata muda wa kukipima uzito mkononi tu, kusoma kichwa cha sura ya kwanza na kukirudisha.

Jioni ile, wakila makande, alimwambia Loth. Loth alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, anayeyatafuna kwanza kama chakula.

"Tisini," alisema hatimaye. "Hiyo ni mbuzi."

"Ni mbuzi mdogo."

"Ni mbuzi, Eliakunda. Na mbuzi watu wakimwona uani hawaulizi kitu. Hicho kitabu watakiona, watasema mke wa mzee wa kanisa amenunua kitabu cha kutafuta makosa ya Mungu."

"Sitafuti makosa ya Mungu. Natafuta ya karani."

Loth aliacha kutafuna. "Karani gani?"

"Aliyeandika mabanda."

Loth akachota makande mengine. "Mimi sikukatazi," alisema. "Lakini usinunue kitu ambacho hujakifungua. Hata jembe unaligonga kwanza."

Lilikuwa neno la maana, na Eliakunda alilishika. Siku ya pili ya kushuka Same alifika mapema, akiwa na Biblia yake na kauntabuku ndani ya kikapu, na akamwambia Idrisa wazi: "Nipe kitabu nikihoji. Nikiona kina faida nitanunua. Nikiona hakina nitakuambia kwa nini, ili ujue namna ya kumweleza mwingine."

Idrisa akamwekea kiti cha plastiki upande wa ndani wa kaunta. "Usipige picha tu," alisema.

Eliakunda alianza kama alivyozoea kuona shahidi akianzwa, kwa jambo ambalo jibu lake analijua tayari. Akatafuta mabanda ya Sulemani. Yalikuwepo, tofauti namba mia moja na kumi na mbili, mistari sita ya maelezo. Mwandishi alisema huenda mnakili mmoja alikosea tarakimu. Eliakunda akaitikia kwa kichwa polepole. Akafungua Goliathi. Wote wanajua Daudi ndiye aliyemuua, lakini kitabu cha pili cha Samweli, karibu na mwisho, kinamtaja mtu mwingine, Elhanani, na cha kwanza cha Mambo ya Nyakati kinasema huyo Elhanani alimuua ndugu yake Goliathi. Lilikuwepo pia. Hata hili la ndugu lilikuwepo.

Kisha akaanza kuhesabu, na hapo uso ukabadilika. Habari za wanawake waliokwenda kaburini asubuhi ile zimeandikwa na watu wanne. Mwandishi wa kitabu alikuwa amemlinganisha wa kwanza na wa pili, akaipa namba. Wa kwanza na wa tatu, namba nyingine. Wa kwanza na wa nne, nyingine. Na kuendelea hivyo mpaka wakaisha.

"Idrisa," aliita. "Huyu mtu kesi moja ameifungulia majalada sita."

"Eti nini?"

"Mia nne zake si mia nne. Amezigawa ili zijae."

Idrisa, aliyekuwa akihesabu daftari za mteja, alikuja kuangalia juu ya bega lake. Wakahesabu pamoja. Mteja akasubiri, kisha naye akasogea kuangalia.

Jaribio la tatu lilikuwa la mistari yenyewe. Eliakunda alichagua tofauti kumi bila kuangalia, kwa kufunua tu, akaitafuta kila rejea katika Biblia yake. Nane zilikuwa sawa. Mbili zilimpeleka mahali pasipohusika kabisa: moja ilikosea sura, nyingine ilitaja kitabu cha kwanza badala ya cha pili. Akaziandika kwenye kauntabuku. Kwa mahakama, alijisemea, shahidi anayekosea tarehe mbili kati ya kumi hafukuzwi, lakini hakuna anayefunga mtu kwa neno lake peke yake.

Akafunga kitabu. Moyoni alikuwa ameshaamua: hakuna sababu ya kutoa elfu tisini kwa orodha ambayo yeye mwenyewe, kwa Biblia na subira, angeweza kuitengeneza na tena bila kuijaza hewa.

"Vipi?" aliuliza Idrisa.

"Si kibaya," alisema. "Lakini kimenenepeshwa. Na ana haraka."

"Basi nitawaambia hivyo," alisema Idrisa, akakirudisha kabatini bila kinyongo.

Ingeishia hapo, kama Hezroni asingekuja.

Alikuja Jumamosi saa nne asubuhi, baiskeli mkononi kwa sababu ya mwinuko, akamkuta Eliakunda akiosha tangawizi. Habari zilikuwa zimeshapanda mlima. Eliakunda alimkaribisha, akapangusa mikono na kujiandaa kuonywa. Hezroni alikaa kwenye benchi, akasifia migomba, akauliza mtoto wao Shukrani anaendeleaje huko Dodoma, akanywa maji. Kisha akaanza kuisifia migomba tena.

"Mwinjilisti," alisema Eliakunda, "sema tu."

"Nimesikia kuna kitabu."

"Kipo. Sikukinunua."

"Aa." Hezroni alitazama ndani ya kikombe. "Kina lile la Yuda?"

Eliakunda hakuelewa kwanza. "Yuda yupi?"

"Iskariote. Mathayo anasema alijinyonga. Matendo ya Mitume wanasema alianguka, akapasuka." Sauti yake ilishuka, ingawa hapakuwa na mtu karibu isipokuwa kuku. "Mama, kila Pasaka, mwaka wa kumi na mbili sasa, nikifika hapo naruka. Nasoma moja, ile nyingine siisomi. Naogopa mtu ataniuliza kama ulivyoniuliza wewe mabanda. Siku ile nilitaka ardhi ipasuke. Si kwamba nilikuona mkorofi. Nilikuwa sijui."

Eliakunda akakaa kwenye benchi kando yake. Kwa miaka yote alidhani wanaosoma mbele ya watu wanajua, na kwamba asiyejua ni yeye tu aliyekaa nyuma na kauntabuku.

"La Yuda limo," alisema. "Namba sikumbuki. Lakini maelezo yake sikuyasoma."

"Ungekuwa unashuka tena, ungenisomea?"

"Nitakusomea."

Kwa hiyo alishuka mara ya tatu, na safari hii alikifungua kitabu bila nia ya kukihukumu. La Yuda lilikuwa na nusu ukurasa, na maelezo mawili ambayo hayakumridhisha. Alinakili yote kwa ajili ya Hezroni. Alipokuwa akifunga ndipo kitabu kilipoteleza na kufunguka nyuma kabisa, mahali ambapo siku ile hakufika. Palikuwa na kurasa ishirini zisizo na namba za tofauti. Kichwa chake kilikuwa "Walionakili."

Akaanza kusoma akiwa amesimama. Baadaye akavuta kiti.

Sura ile ilieleza watu waliokaa na kalamu, karne baada ya karne, kabla ya mashine yoyote, wakihamisha maneno kutoka ngozi iliyochakaa kwenda ngozi mpya. Ilieleza jinsi mistari miwili inayoishia kwa neno moja inavyolidanganya jicho, nalo likaruka kutoka wa kwanza hadi wa pili na kuumeza uliopo kati. Ilieleza herufi zinazofanana, taa hafifu, mkono uliochoka alasiri. Ilieleza wanakili waliohesabu herufi za kitabu kizima ili wajue kama wamepoteza hata moja, na wengine walioandika pembeni mwa ukurasa neno waliloliona kuwa na mashaka, bila kuthubutu kuligusa lililo ndani.

Eliakunda alijua yote hayo kwa vidole vyake. Akasahau Idrisa, akasahau gari. Alikuwa amerudi mwaka tisini na saba.

Mwaka ule alinakili hukumu ya mpaka kati ya mjane mmoja wa kijiji cha Kisiwani, Mwanahalima, na jirani yake. Mwanahalima alishinda. Hakimu aliandika kwamba shamba lake linaanzia mferejini na kwenda hatua 40. Eliakunda alitaipu, akagonga muhuri, akampa mama yule nakala yake, na mama yule asiyejua kusoma akaikunja na kuiweka kifuani kwa furaha. Miezi minane baadaye alirudi. Jirani alikuwa amepanda uzio wa minyaa na kufunga shamba lote isipokuwa kipande cha mferejini, na alipolalamika, mwenyekiti wa kitongoji alimsomea karatasi yake mwenyewe: hatua 4.

Eliakunda alifungua jalada la asili. Sifuri ilikuwepo, ndogo, imebanwa na doa la wino. Hakuna aliyekuwa ameiona zaidi yake, na hakuna ambaye angefungua jalada lile tena. Alikaa nalo mapajani kwa muda, kisha akalipeleka kwa hakimu. Alipata barua ya onyo, nakala ikarekebishwa, minyaa ikang'olewa. Lakini msimu mmoja wa mahindi ulikuwa umekwisha kwenda. Siku ya mapumziko alitembea hadi kwa Mwanahalima kuomba radhi. Mama yule alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu.

"Kumbe ni wewe?" alisema. "Mimi nilidhani ni mashine."

Akampa maji ya kunywa, na hakulitaja tena.

Eliakunda hakuwahi kumsimulia mtu habari ile isipokuwa Loth. Aliibeba kama aibu yake peke yake. Sasa, kwenye kiti cha plastiki jirani na stendi ya Same, alikuwa anasoma kwamba ameketi mwishoni mwa foleni ndefu sana ya watu. Walikuwemo waliokosea na wakajua, waliokosea na wakafa bila kujua, na waliotumia maisha yao yote kuyafuata makosa ya wengine ili wayaweke sawa. Mtu wa mabanda ya Sulemani alikuwa mmoja wao. Alitamani kumjua: kama alikuwa na njaa siku ile, kama kuna mtu aliyemwita mlangoni akiwa katikati ya tarakimu.

"Mama," alisema Idrisa. "Gari lenu limeondoka."

Aliinua kichwa. Kweli, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa barabara.

"Idrisa, hizi kurasa za mwisho kuna mtu amewahi kuzipiga picha?"

"Hapana. Hata mimi sikujua kama zipo."

"Ndizo zenye thamani. Kule mbele amejaza maji. Huku alikuwa anajua anachokisema."

"Kwa hiyo unakichukua?"

Elfu tisini kwa kurasa ishirini. Aliliangalia hilo kwa haki, kama angeliangalia kwa niaba ya mtu mwingine. Orodha asingeinunua hata kwa elfu kumi. Lakini kurasa hizi asingeweza kuziandika mwenyewe, hata angesoma Biblia yake mara mia, kwa sababu Biblia haiwasemi waliomfikishia. Na hakujua mahali pengine pa kuzipata, kati ya Same na mlimani kwao.

"Kimekaa miaka miwili," alisema. "Na rejea mbili kati ya kumi ni mbovu, nina ushahidi."

Idrisa alicheka mpaka akashika kaunta. "Sabini na tano, mama. Na hiyo ni kwa sababu umenifundisha kukieleza."

Alilala kwa binamu yake pale mjini, akapanda mlima asubuhi, na hakukificha kitabu kikapuni.

Siku ya tatu Eliakunda alikikuta kimehama kutoka meza ya chumbani hadi dirisha la sebuleni, miwani ya Loth juu yake. Wakati wa kula, mzee wa kanisa alitafuna muda mrefu kuliko kawaida.

"Huyu Elhanani," alisema. "Mbona kwenye kipaimara hatukufundishwa habari zake?"

Hezroni alikuja na kuondoka na karatasi za Yuda. Alisema maelezo hayakumridhisha yeye pia. Lakini Ijumaa Kuu ilipofika alisoma zote mbili, Mathayo kisha Matendo, mbele ya kanisa lililojaa, akasema kwamba wameandika wawili na hawakusema sawasawa, naye hajui kwa nini, na anayejua amsaidie. Hakuna aliyetoka nje. Baada ya ibada mzee mmoja wa kwaya alimshika mkono akamwambia alikuwa akijiuliza hilo tangu ujana wake.

Eliakunda aliendelea kukipima kitabu rejea kwa rejea, tofauti kumi kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, na pale palipokosewa aliandika iliyo sahihi pembeni, kwa penseli, bila kugusa kilichochapwa. Alipofika mia moja na hamsini alikuwa na makosa ishirini na sita. Ndipo alipogeuza ukurasa wa kwanza, ule wenye maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, na kuona namba ya simu ya mwandishi.

Alisita siku mbili. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, akapanda kwenye jiwe lililo juu ya shamba ambapo mtandao unakamata, kauntabuku mapajani, akapiga. Simu iliita sana. Ikapokelewa na sauti ya mzee, yenye kikohozi.

"Haloo."

"Shikamoo mzee. Naitwa Eliakunda Mmbaga, napiga kutoka Upareni. Nimenunua kitabu chako cha tofauti mia nne."

"Marahaba," alisema yule mzee kwa tahadhari, kama anayesubiri kutukanwa.

"Sura ya walionakili ni nzuri sana," alisema Eliakunda. "Ila kuna rejea ishirini na sita umekosea, mpaka hapa nilipofika. Nikutajie?"

Alisikia kiti kikiburuzwa, kisha droo ikifunguliwa, kisha nyingine.

"Subiri mama," alisema yule mzee, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Subiri kidogo, usikate. Natafuta kalamu."